Mgeni kaja na risasi zake? Pima urefu kwanza

Kijana mmoja yuko Sikonge kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii kaniandikia inbox: "Kaka shikamoo, mgeni wetu kaja na risasi alizojazia mwenyewe kwao Marekani, magazini inazikataa, nimwambieje?" Nimecheka peke yangu, maana hilo swali nililijibu zamani huku huku Tabora na sifa wakapewa wengine.

Wote tunaosoma hapa tunaitaka leseni ya kuongoza wageni, hakuna anayetaka kubeba mabegi mpaka uzeeni, so haya mambo ya milimita usiseme ni ya wazungu. Kujazia risasi mwenyewe, yaani kuweka baruti na kichwa (kile kipande kinachoruka) kwenye ganda kwa mkono wako, hapa kwetu bila kibali ni kosa, sheria ya silaha ya 2015 ipo, usije ukajaribu geto. Ila wenzetu kule ni hobi, na risasi zao zinatufikia.

Mgeni wangu alikuwa na .375 H&H, risasi ya Waingereza toka 1912. Urefu wake wa mwisho kitabuni, kitako mpaka ncha, ni milimita 91.44. Za kwake nikiziweka kwenye venia, kile kipimo cha milimita, zinasoma 93 na kitu. Kumbe kwao anapiga shabaha tu, anaingiza moja moja kwa mkono, magazini hajawahi kuijaza! Bosi akasema bunduki chafu, isafishe. Nikasafisha, wapi. Mgeni akaingiza moja kwa mkono, boliti, kile chuma cha kufunga nyuma ya mtutu, ikafunga kwa shida, nikamwambia mzee usipige, fungua. Alipovuta, ganda likatoka peke yake, kichwa kimenasa kwenye mtutu, baruti zimemwagika mpaka ndani ya magazini kama ulezi. Jioni motoni bosi anasimulia eti yeye ndo aligundua, na bahasha akapewa yeye. Sawa tu.

Sasa sikiliza mdogo wangu. Kichwa kikigusa ile michirizi ya ndani ya mtutu kabla ya kupigwa, presha inapanda. Wanaojua wanapima hivi: bunduki tupu, boliti imefungwa, unapitisha fimbo ya kusafishia toka mdomo wa mtutu mpaka iguse uso wa boliti, unaweka alama. Halafu unatoa boliti, unaingiza kichwa kitupu kwa nyuma mpaka kiguse michirizi, unakishikilia hapo, fimbo tena mpaka kwenye ncha, alama ya pili. Kati ya alama mbili ndo urefu wa kugusa kwa kichwa cha aina hiyo kwenye bunduki hiyo, ukibadilisha kichwa unapima upya. Risasi iwe fupi kuliko hapo, na iingie kwenye magazini, basi. Watu wanasoma kitabu wanasahau kupima bunduki yenyewe! Pima. Usione aibu kutembea na venia mfukoni.

Huyo wako aziweke zile ndefu kwenye boksi, atumie za dukani. Asizigonge zizame, kichwa kikizama sana nafasi ya baruti inabana na presha inapanda vile vile. Hata hizo za dukani, akishapiga moja mbili, toa zilizobaki kwenye magazini uzipime tena, .375 inarusha teke na kichwa kisichobanwa vizuri kinaweza kurudi ndani ya ganda bila nyie kujua.