Kabla ya Kubeba Darubini, Uliza Maji

Mara yangu ya kwanza kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kutazama ndege ilikuwa Mei, masika imetoka kupita. Niliazima darubini, nikatoka Moshi alfajiri, kipande cha mwisho nikachukua bodaboda. Pikipiki ikanasa kwenye tope, dereva akanipa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na bwawa lenyewe nikalikuta limejaa hadi kwenye migunga. Nikaona mnandi watatu na yangeyange mmoja. Basi.

Kosa langu ni kulichukulia kama ziwa. Hili ni bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Linapokea mito ya Kikuletwa na Ruvu, kisha maji yanafunguliwa kuzungusha mitambo ya umeme na kuendelea na mto Pangani. Ndiyo maana ukingo wake hautulii. Maji yakirudi nyuma yanaacha tope, na ndege wengi wa pwani ya bwawa wanakula kwenye tope.

Siku hizi kabla sijatoka nampigia simu mvuvi mmoja wa kule. "Shikamoo mzee, maji yamefika wapi?" Akisema "Yamekimbia, mwanangu," napanga begi.

Mara nyingi inakuwa Oktoba, vuli haijakolea, wakati ambao ndege wageni kutoka Ulaya na Siberia wanatua. Kuna chamchanga wadogo wenye uzito wa gramu 30 hivi, wazaliwa wa kule karibu na Aktiki, wanadonoa tope la upande wa wilaya ya Mwanga, mashariki ya bwawa. Usikate tamaa ukiwaona wote wa kijivu. Mimi mwaka mzima niliandika "chamchanga" tu kwenye daftari, bila kutofautisha aina. Achana na rangi, tazama mwendo. Yuko mmoja anayechezesha mkia juu chini hata akiwa amesimama, na mwingine anadonoa kama sindano ya cherehani. Rangi subiri Machi na Aprili, baadhi yao wanapoanza kuwa wekundu kama tofali kifuani. Ukishawajua vizuri, wanaondoka. Inaudhi kidogo.

Kipupwe watazamaji wengi hawaji kwa kuwa ndege wageni hawapo. Mimi naupenda sana. Mdiria mweusi na mweupe anapepea hewani palepale, kisha anajitupa majini kichwa chini. Furukombe analia juu ya mti uliofia majini, na mnandi wametandaza mabawa kama kanga zilizoanikwa, maana manyoya yao hulowa.

Masika yenyewe siendi tena. Nabaki kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, karibu na mjini.

Fika saa 12 na nusu asubuhi, ukae upande wa Mwanga ili jua liwe mgongoni. Jioni upande wa Simanjiro ndio mzuri. Ikifika saa 4 joto linatetemesha hewa, darubini haikusaidii. Usichuchumae kwenye maji, mamba wapo. Na kwenye daftari, pamoja na tarehe, andika maji yalikuwa wapi.

Nikichoka kutembea naenda kukaa mwaloni, akina mama wanapopaa perege. Hapo kongoti anasimama nyuma yao, shingo ndani, anasubiri matumbo ya samaki. Siku moja mama mmoja alinitazama nikiandika, akaninyooshea kisu kuelekea kwa yule ndege.

"Dada, na huyu mwandike. Huyu hasafiri."