Kadi yangu ililipia mishipa, haikulipia mtoto

Mleta mada ameuliza kama bima ya afya ilipie matibabu ya ugumba, hadi kupandikiza mimba, na kama sisi wanachama tuko tayari kukatwa zaidi kwa ajili hiyo. Mchangiaji wa tatu akamjibu kwa mstari mmoja: kukosa mtoto hakumuui mtu. Nimeusoma mara tatu nikaona nisipite kimya.

Mimi ni karani wa ghala la korosho, niko Newala, mkoani Mtwara. Kadi ya bima napata kwa mwajiri, na makato yangu kila mwezi nayaona. Nilioa 2019. Hatuna mtoto.

Huku kwetu jambo hili lina sura yake. Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, kwa asili mtoto ni wa ukoo wa mama. Dini, shule na mambo ya urithi vimeshachanganya mengi, lakini wajomba bado wapo. Kwa hiyo mnaposimulia habari za mawifi na mama wakwe, sisi tunaongeza na mjomba. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu alikuja mjomba wa mke wangu. Alikaa mkekani, akanywa chai, akaulizia mikorosho imechanuaje, kisha akasema ukoo wao unapungua watu. Hakunitukana. Alipokuwa anavaa viatu akamwambia mke wangu, nami nasikia, kwamba mbegu isipoota shamba lisilaumiwe peke yake.

Nilikasirika wiki nzima. Mzee yule ndiye alikuwa mtu wa kwanza kusema la maana, kwa sababu hadi hapo vipimo vyote alikuwa amepima mke wangu, na akaendelea kupima peke yake miaka miwili mingine. Hasira yangu ilinifaa sana: ilinipa sababu ya kutokwenda. Yeye akapima damu, mkojo, homoni, ultrasaundi. Akameza klomifeni, vidonge vya kuamsha mayai, mizunguko minne. Akaenda na kwa waganga, wawili. Hela ya waganga sikuiandika popote, ila majogoo niliowapeleka nawakumbuka rangi zao.

Sasa habari ya dirisha la bima. Ultrasaundi ilipita bila neno, maana daktari aliandika maumivu ya chini ya kitovu, na kweli mke wangu alikuwa anayasikia. Kilipofika kipimo cha mirija, ile picha ya eksirei inayopigwa huku dawa inasukumwa kwenye kizazi kuona kama mirija imeziba, yule dada wa dirishani akasoma fomu, akairudisha, akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima: "Hiki cha kutafuta mtoto, mama, unalipa mwenyewe." Watu wakageuka. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba hela haikumuuma kama kule kugeuka.

Na kumbe kulipa ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Mashine ya pale ilikuwa mbovu, tukaambiwa twende Dar. Kipimo hicho hufanywa siku chache baada ya hedhi kuisha, kabla yai halijatoka. Ukipitwa, unasubiri mwezi mwingine. Tulipanga siku, tukakata tiketi, ikawa ni Mei 2024. Wenye kumbukumbu wanajua: kimbunga Hidaya. Mvua zikakata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, na sisi wa Mtwara na Lindi tukawa kisiwa. Tulilala njiani usiku wa kwanza, usiku wa pili tukageuza. Yai halisubiri daraja. Nauli, chakula na chumba tulilipa wenyewe, kwa safari ambayo haikufika. Mtu akiniambia matibabu ya ugumba ni ghali, huwa namuuliza anahesabu kuanzia wapi.

Juni tukafika. Mirija yote miwili wazi. Daktari akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, akauliza: "Na wewe?"

Kipimo cha mbegu hakina sindano wala kulazwa. Nilikikwepa miaka mitano. Majibu yalionyesha mbegu chache mno, na nyingi zisizotembea, na nilipochunguzwa nikakutwa mishipa ya korodani imevimba. Hicho kipimo nilikilipia mfukoni, maana nacho ni cha kutafuta mtoto. Lakini sikilizeni hapa. Daktari alipoandika upasuaji wa mishipa, nilikwenda dirishani nimejiandaa kwa ubishi, nikapokelewa vizuri kabisa. Kadi ikapita. Upasuaji, kitanda, dawa za maumivu, vyote. Mwili ni ule ule, tatizo lile lile, sababu ya kufika pale ile ile. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa kwenye fomu. Mishipa ni ugonjwa. Kukosa mtoto ni shauri lako.

Na siyo bima tu. Kazini, wachukuzi na wapima uzito walinichangia pole, wakaja nyumbani na machungwa. Ni hao hao ambao wiki chache nyuma tulikaa barazani kwa ghala tukisubiri magari, redio ikataja bima kulipia uzazi, wakacheka. Mmoja akasema bima ni ya homa na ajali, watoto ni majaliwa. Mwingine akasema basi na anayetaka mke wa pili alipiwe mahari. Tulicheka wote, na mimi nilicheka.

Hoja ambayo haikunichekesha ni ya mama mmoja muuza samaki, mtu wa Mikindani, tuliyepanda naye basi. Alisema: "Wenye watoto wanaambiwa dawa hakuna wakanunue nje, halafu nyie mlipiwe kutafuta wengine?" Nimeifikiria sana hoja ile na sina jibu la kuiua. Panadoli ya mtoto aliyepo inatangulia, sawa. Ila angalieni ugumba wenyewe unatoka wapi. Mirija mingi huku haizibi kwa uchawi. Inaziba kwa kisonono na klamidia zilizoachwa bila tiba, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Ni magonjwa yale yale ya zahanati. Bima ingeyawahi mapema, wachache ndio wangefika kwenye mambo ya mamilioni.

Wa dini nao wamegawanyika, tofauti na mnavyoandika humu kwamba dini zote zinakataa. Shehe niliyemuuliza alisema kama mbegu ni za mume na yai ni la mkewe, na ndoa ipo hai, haoni tatizo. La kuingiza mtu wa tatu ndilo alilokataa. Rafiki yangu Mkatoliki wa Masasi yeye kanisa lake linakataa hata hilo la mume na mke, na msimamo huo uliandikwa rasmi Roma tangu 1987. Yeye na mkewe wanachukua vipimo na dawa, upandikizaji hapana. Ukimlazimisha achangie upandikizaji wa wengine ana haki ya kuuliza.

Baada ya upasuaji mbegu ziliongezeka, hazikutosha. Tulichoshauriwa ni kupandikiza, ile njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai. Tukaambiwa tujiandae na milioni 13, kwa jaribio moja, bila ahadi. Nikapiga hesabu ya kikarani: msimu wa 2024 korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, hizo ni tani tatu na robo kabla ya makato. Mikorosho yangu haijawahi kunipa hata tani moja.

Kwa hiyo mleta mada, jibu langu halitakuwa ndiyo kavu. Nataka bima ianze na vipimo, vya mume na mke kwa fomu moja, siku moja. Hapo ndipo hela na miaka vinapopotelea. Halafu itibu chanzo: maambukizi, uvimbe, homoni, mishipa. Upandikizaji uje mwisho na uwe na mipaka. Japani walipouingiza kwenye bima ya taifa Aprili 2022 hawakufungua mlango wote: mwanamke wa chini ya miaka 40 anapandikiziwa hadi mara 6, wa 40 hadi 42 mara 3, na mgonjwa analipa asilimia 30. Sisi si Japani, najua. Ila kuweka idadi na umri hakuhitaji utajiri.

Kukatwa zaidi? Ningekubali elfu mbili kwa mwezi, kwa sharti kwamba tukatwe wote. Mfuko wa hiari hauwezi hili. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja wa Toto Afya Kadi, ile bima ya hiari ya watoto, uliposimamishwa, hoja ilikuwa kwamba wazazi wengi wanaleta walio wagonjwa tayari. Ugumba utakuwa hivyo hivyo: tutajiandikisha wenye shida tu, mfuko utakauka kabla hatujafika Dar. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ile iliyopitishwa Novemba 2023, ina maana kwangu hapo tu, kwamba asiye na shida naye yumo.

Mchangiaji wa tatu, ni kweli hakuui. Mjomba amekuja tena mwaka jana. Safari hii aliongea na mke wangu peke yake, nyuma ya nyumba, na mpaka leo sijauliza walisema nini.

Na dada uliyeuliza uanzie wapi: anza na mumeo, apime mbegu. Akae siku 2 hadi 7 bila tendo, asizidishe wala asipunguze. Kama atatolea nyumbani, kopo apewe na maabara, alibebe karibu na mwili lisipoe, lifike ndani ya saa moja. Mkiwa mbali na mji, kama sisi, atatolea choo cha hospitali. Mwambie asitumie mate wala mafuta wala sabuni, vinadhuru mbegu, na amfungie mlango mtu atakayekuja kugonga.