Kila Doa Lina Sababu: Maswali Yenu Kuhusu Mabehewa Madogo

Barua za mara hii zimenifurahisha kwa sababu nyingi zinauliza juu ya mabehewa ya mizigo. Wengi hukimbilia kichwa cha treni. Mimi nilianza kazi ya reli 1976, nikiwa kijana wa kupaka rangi na kuandika namba kwenye mabehewa katika karakana, na mpaka nilipostaafu mikono yangu ilikuwa kwenye mbavu za mabehewa hayo. Sasa nayaunda upya mezani kwa vipimo vidogo, moja baada ya jingine. Karibuni.

Mzee, salamu. Mjomba amenitumia kutoka Ujerumani reli za treni ndogo, zile za milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Kwenye boksi wameandika 1:87. Nataka kuunda mabehewa ya reli yetu ya zamani, si ya SGR, ile reli mpya. Yatakaa sawa? (Msomaji, Makadara)

Chukua kalamu, mwanangu. Hiyo 1:87 maana yake kitu kimepunguzwa mara 87. Zidisha 16.5 kwa 87, utapata milimita 1,435. Huo ndio upana wa SGR iliyofunguliwa 2017. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika hapa Nairobi 1899, ni ya mita moja. Gawa mita moja kwa 87, unapata milimita 11.5. Ukiliweka behewa la zamani la 1:87 juu ya reli zako, litaonekana limetanua miguu kama mtu anayeruka mtaro.

Wako wanaonunua reli za milimita 12 na kubaki kwenye 1:87, na kazi yao hutoka vizuri. Lakini wewe reli unazo tayari. Usibadilishe reli, badilisha behewa: liunde kwa uwiano wa 1:64. Zidisha 16.5 kwa 64, ni 1,056. Umepita ukweli kwa sentimita tano na nusu, na kwa jicho hilo halionekani. Tena utapata faida nyingine: magari mengi madogo ya watoto yanayouzwa barabarani yanakaribia uwiano huo wa 1:64, kwa hiyo lori la kuegesha kando ya stesheni yako utalipata bila shida.

Behewa la urefu wa mita 12 litakutoka sentimita 18.75. Kontena ya futi 20 itakuwa na urefu wa milimita 95, upana 38 na kimo 40 na nusu. Anza na kontena. Ni sanduku tu, lakini itakufundisha kukata pembe mraba, na behewa lenye pembe iliyopinda hakuna rangi itakayolificha.

Nimekata pande za behewa kutoka kwa kopo la aiskrimu. Gundi haishiki kabisa, hata supaglu. Zinabanduka kama ngozi ya kitunguu. Nimekosea wapi tena? (Msomaji, Umoja II)

Hujakosea kukata, umekosea kopo. Pindua kopo lolote la plastiki utaona pembetatu yenye namba. Makopo mengi ya aiskrimu ni namba 5, na plastiki hiyo haipendi gundi wala rangi. Tafuta namba 6. Baadhi ya vikombe vya maziwa ya mtindi ni vya aina hiyo, na ndiyo plastiki inayotumika kwenye vifaa vingi vya treni ndogo vinavyouzwa ng'ambo. Namba 6 hushikana kwa gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki kidogo, vipande viwili vikawa kimoja.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kile kikadi kinachobaki ukishabandua laini ya simu. Watu hukitupa pale pale kwenye kibanda. Kina unene wa robo tatu ya milimita, kimenyooka, hakipindi kwa joto la sebuleni, na supaglu hukishika barabara. Nimeongea na kijana mmoja wa kusajili laini karibu na stendi ya Muthurwa, ananiwekea vyangu kwenye bahasha. Vitano vinatosha fremu ya behewa moja.

Ukitumia supaglu, acha kazi ikauke mahali penye hewa. Niliwahi kulifunika behewa jeusi la tangi ndani ya kopo la biskuti nikidhani nalikinga na vumbi. Asubuhi nilikuta limepata ukungu mweupe kila mahali, kama limepuliziwa unga. Ule ni mvuke wa gundi; ukikosa pa kutokea unarudi kutua kwenye kazi. Nililisugua kwa msasa laini wa maji na kulipaka tena, wiki nzima ikapotea.

Behewa langu la sentimita 15 linaanguka kila likifika kona, hata nikilivuta kwa mkono. Magurudumu ni mazima. (Msomaji, Kayole)

Lipime uzito kwanza. Chama cha waundaji treni ndogo cha Marekani, NMRA, kina kanuni ambayo nimeitumia miaka mingi: kwa mabehewa ya 1:87, anza na gramu 28, kisha ongeza gramu 14 kwa kila sentimita mbili na nusu za urefu. Lako linahitaji kama gramu 113. Mimi huenda nalo kwa muuza omena, ananipimia kwenye mizani yake. Likipungua, gandisha nati za chuma sakafuni kwa ndani, katikati na chini kabisa. Usiweke risasi zile za kusawazisha magurudumu ya gari kama nyumbani kuna watoto.

Kama uzito unatosha, tazama bogi, ile fremu ya magurudumu chini ya behewa. Skrubu za bogi zote mbili zikikazwa, behewa linakuwa meza ya miguu minne kwenye sakafu mbovu: daima kuna mguu unaoning'inia. Kaza bogi moja mpaka iweze kugeuka kwenye kona na kuinama mbele na nyuma tu, isiyumbe kushoto na kulia. Ile nyingine ilegeze icheze pande zote. Sasa behewa limekaa kama kigoda cha miguu mitatu, na kigoda hakitikisiki popote ukiweke.

Shikamoo mzee. Nimemaliza behewa la soda, yale magadi ya Ziwa Magadi, vipimo viko sawa, rangi safi, lakini linaonekana kama kichezeo. Nimejaribu kulipaka kutu, sasa linaonekana kama kichezeo kilichochafuka. Nifanyeje? (Msomaji, South B)

Marahaba. Swali hili nimelisubiri.

Umepaka kutu mahali ulipodhani panafaa kutu. Behewa halichafuki hivyo. Kila doa lina sababu, na usipoijua sababu, mkono wako utasambaza uchafu sawasawa kila upande kama siagi kwenye mkate. Basi kabla ya kushika brashi, liulize behewa lako linafanya kazi gani, linapita wapi, na nani analigusa.

Lako linabeba soda. Linapakiwa kule ziwani, linapanda mpaka Konza, linaingia njia kuu na kuteremka Mombasa. Soda huingilia juu, kwa hiyo weupe unaanzia kwenye vifuniko vya paa na kumwagikia ubavuni kwa michirizi iliyonyooka, mipana juu, myembamba chini. Mvua ikinyesha inausukuma ule weupe mpaka kwenye ukingo wa chini, unajikusanya pale na kukauka kama mstari wa chumvi kwenye kola ya shati. Kati ya michirizi rangi hubaki ilivyo. Hapo usiguse.

Kisha chini. Magurudumu yanarusha vumbi kwenye kuta za mbele na nyuma, si ubavuni, na linapanda juu likififia. Vumbi la wapi? Pale Konza ni udongo mweusi wa tambarare, ukikauka una rangi ya majivu. Mwekundu ni wa Tsavo na Voi, ambako behewa lako linapita; ule wa upande wa Kikuyu na Limuru si wake, halikupita huko. Nimeona kazi nzuri sana ikiharibiwa na udongo wa njia isiyo yake.

Gurudumu lenyewe lina rangi mbili. Uso wa nje ni kahawia nzito, grisi na vumbi la breki. Pale linapokanyaga reli ni chuma kitupu kinachong'aa, kwa sababu reli hulisugua kila siku. Watu hupaka gurudumu zima rangi moja, na hapo ndipo jicho linapogundua kwamba behewa halijawahi kutembea.

Kutu nayo inaanzia pale rangi ilipovunjika: ukingo wa mlango uliochongolewa kwa mtaimbo, ngazi iliyokanyagwa, kichwa cha ribiti, ule msumari unaounganisha bati. Ifanye hivi. Chovya ncha ya brashi namba 0 kwenye kahawia nzito, gusa chini ya ribiti, nukta moja ndogo kama mbegu ya mchicha. Kabla haijakauka, chukua brashi ya pili, safi, yenye unyevu kidogo tu, ishushe kutoka kwenye ile nukta mpaka chini kwa mkupuo mmoja. Usirudie. Ukirudia, mstari unapinda, na maji ya mvua hayapindi bila kitu cha kuyapindisha. Kutu ya zamani ni kahawia inayokaribia weusi; ile ya rangi ya chungwa ni mpya, iweke kidogo sana.

Kwa vumbi, tumia udongo halisi uliochekechwa kwenye soksi kuukuu ya nailoni, ila kwanza pitisha sumaku juu yake. Udongo wetu una chembechembe za chuma, na zikiingia kwenye mota ya kichwa cha treni zitaitafuna. Kwa weupe wa soda usishawishike kutumia magadi ya jikoni. Najua inavutia, kitu chenyewe kutoka ziwa lenyewe. Lakini magadi hunyonya unyevu, mwezi wa nne yatalowa na kuganda mabonge, na yanashambulia rangi. Saga chaki ya ubao, ipake kwa brashi kavu, ifunge kwa vanishi isiyong'aa. Vanishi itameza sehemu ya weupe, kwa hiyo paka mara mbili.

Jambo la mwisho kwako: rangi uliyopaka ni kali mno. Ukilitazama behewa la 1:64 kutoka sentimita 60, ni kama kusimama mita 38 kutoka kwa behewa lenyewe, na hewa ya mita 38 hupunguza ukali wa rangi. Ongeza tone la nyeupe kwenye kopo.

Namba na herufi unaziandikaje bila mashine? (Msomaji, Dandora)

Kwa stensili ya karatasi ya kuchorea na wembe mpya, sponji ndogo, na rangi iliyokaribia kukauka. Bandika, gusa, bandua. Rangi nyepesi itapenya chini ya stensili.

Ila nikuongezee kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mabehewa yaligawanywa, na sisi wa brashi tukapewa kazi ya kufuta EAR, Reli za Afrika Mashariki, na kuandika KR, Reli za Kenya. Kufuta kwenyewe kulikuwa kupaka mkono mmoja wa rangi juu. Jua likishapiga miaka miwili mitatu, zile herufi za zamani zilianza kuchungulia chini ya mpya. Ukiunda behewa la miaka ya 80, andika EAR kwanza, acha ikauke kabisa, paka juu yake rangi ya behewa iliyozimuliwa sana, sugua polepole kwa kitambaa mpaka herufi zianze kurudi, kisha andika KR kando kidogo. Mimi nikiliona behewa dogo lenye kivuli hicho, nasikia harufu ya tapentaini.

Wapi naweza kupima vyombo vyenyewe? (Msomaji, Ngara)

Nenda Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu. Yapo tangu 1971. Beba tepu, rula ya kuwekea kando ya kitu unachopiga picha, na uombe ruhusa mlangoni. Kila mtu anakimbilia yale magarati, vile vichwa vikubwa vya treni za mvuke; wewe piga magoti utazame bogi.

Mzee wetu, marehemu baba alikuwa gadi wa treni. Nimebaki na picha moja tu, amesimama kando ya behewa lake la gadi, bendera mkononi. Nataka kuliunda, lakini sina kipimo hata kimoja. (Msomaji wa kike, Jericho)

Kipimo unacho, binti yangu. Ni baba mwenyewe.

Tafuta urefu wake. Labda mama anaukumbuka, labda kuna koti lake kabatini, labda kaka yako walilingana. Tuseme alikuwa mita 1.72. Pima kwenye picha kutoka kisigino mpaka utosini, ukiacha kofia. Tuseme ni milimita 34. Basi kila milimita ya picha ni sentimita tano za behewa, na ushee kidogo. Kama behewa kwenye picha lina milimita 118, lilikuwa karibu mita sita. Kwa 1:64, ni milimita 93. Vivyo hivyo mlango, dirisha, ngazi, paa.

Angalia mambo mawili. Awe amesimama karibu kabisa na behewa, maana akiwa mbele kidogo ataonekana mkubwa na behewa litakutoka dogo. Na kama picha ilipigwa kwa mshazari, urefu usiuamini; amini vimo vya pale aliposimama, kisha uhesabu mbao za ubavuni, zinalingana upana. Pima moja iliyo karibu naye, zidisha kwa idadi.

Niletee nakala ya picha hiyo nikusaidie kusoma namba ya behewa. Herufi zetu nazijua hata zikiwa na ukungu. Na yeye kwa uwiano huo atakuwa na milimita 27. Mchonge kwa mti laini, bendera umkatie karatasi ya sigara, umsimamishe mlangoni upande ule ule alipokuwa.