Kufundisha Kiingereza kwa Kiingereza Japani: punguza maneno yako kwanza

Mtaala wa Japani unataka vipindi vya Kiingereza viendeshwe hasa kwa Kiingereza: sekondari ya juu tangu 2013, sekondari ya chini tangu 2021. Mwalimu msaidizi mgeni akisikia hivyo hudhani kazi yake ni kuongea mfululizo. Darasa linanyamaza, naye anazidi kueleza.

Mara nyingi kinachokwamisha ni maagizo, wala si msamiati. Hatua tatu kwa pumzi moja hazishikiki. Toa moja, litekelezwe, ndipo utoe la pili. Kabla ya mazoezi ya wawili wawili, simama mbele na mwalimu Mjapani unayefundisha naye, mfanye mazungumzo yale yale mara mbili huku mkibadilishana nafasi, kisha wanafunzi wawili wajaribu mbele ya wenzao. Tafsiri haitahitajika. Usiulize kama wameelewa, maana wataitikia kwa vichwa hata wasipoelewa; uliza nani anaanza, ukurasa upi, dakika ngapi.

Kipindi ni dakika 50, na darasa laweza kufika wanafunzi 40. Ukimsimamisha mmoja ajibu, 39 wanapumzika na yeye anaona aibu kukosea. Wape kwanza dakika moja wajibizane na jirani, halafu ndipo uite jina. Baadaye safu moja ya madawati isogee kiti kimoja, wazungumze yale yale na mtu mwingine, mara tatu. Mara ya kwanza macho yao yako kitabuni. Mara ya tatu ndipo wanaanza kutazamana. Wageni wengi hukata zoezi baada ya mara ya kwanza wakidhani limechosha.

Kwenye matamshi Mswahili ana faida: silabi za Kijapani nazo huishia kwa irabu karibu zote, kwa hiyo utajua kwa nini "desk" hugeuka desuku.

Sarufi ngumu mwachie mwenzako aieleze kwa Kijapani kwa dakika chache. Mtaala haukatazi, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari ya chini wana mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Usibishane naye juu ya mtihani huo. Jenga mazungumzo yako juu ya sura ileile ya kitabu anayoifundisha. Muda wa kupanga pamoja ni mfupi mno, pengine dakika tano kabla ya kengele, basi nenda na nusu karatasi: hatua, dakika zake, na kando ya kila hatua, nani anaongea. Safu hiyo ya mwisho ikijaa jina lako, panga upya.