Jibu: Je, Afrika Kusini watu wa rangi zote wanaishi pamoja sasa?
Ndugu yangu, kisheria ndiyo. Sheria ya kugawa maeneo kwa rangi ilifutwa 1991, na 1994 kila mtu mzima akapiga kura. Lakini fika Johannesburg uone. Sandton ni maghorofa ya vioo na mabenki. Ng'ambo ya barabara kuu ya M1 ni Alexandra, vibanda vya mabati vimebanana, familia kadhaa zinachangia bomba moja. Inauma kweli. Alfajiri watu wa Alexandra wanajazana kwenye teksi, zile Hiace kama daladala zetu, kwenda kufanya kazi Sandton, jioni wanarudi. Maofisini na vyuoni wamechanganyika, hasa vijana. Makazi ndiyo bado, maana nyumba hununuliwa kwa pesa, na pesa haikugawanywa upya 1994.