Sonona Baada ya Kujifungua: Maswali ya Ndugu na Majirani

Mke wangu alijifungua wiki tano zilizopita na kila siku analia. Mama anasema ni uchovu wa uzazi, utapita. Ni kweli?

Machozi ya mwanzo huwapata wazazi wengi; huanza siku chache baada ya kujifungua na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki mbili. Mkeo amekwisha kuuvuka muda huo na huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyopita, kwa hiyo fuatana naye kwa mkunga au daktari, ambaye huenda akatumia maswali kumi ya kipimo cha Edinburgh cha kutambua sonona ya uzazi, kilichotungwa mwaka 1987.

Dada yangu ana sonona. Tunamhimiza ashukuru kwa kupata mtoto mwenye afya, lakini anazidi kujitenga. Tunakosea wapi?

Mwanamke mwenye sonona tayari anajihesabu kuwa mama mbaya, na anapohimizwa kushukuru husikia lawama, ndipo hunyamaza. Punguzeni nasaha, ongezeni msaada wa mikono. Pangianeni zamu za usiku ili, akishanyonyesha, alale kwa muda wa saa nne au tano mfululizo huku mtoto akiwa na mtu mwingine chumba cha pili, kwa maana kukosa usingizi huizidisha sonona. Fueni, pikeni, mpelekeni kliniki, bila kungoja aombe, kwa sababu hataomba. (Mgeni anayempakata mtoto huku mzazi akihangaika kumkirimu hajasaidia kitu.) Akisema hampendi mtoto wake, msishtuke mbele yake, msikilizeni hadi mwisho.

Kwetu hakuna daktari wa magonjwa ya akili. Jamii inaweza kufanya lolote?

Inaweza, tena mengi. Katika utafiti wa vijijini Pakistan uliochapishwa mwaka 2008, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa mazungumzo ya kumsaidia mama kuyapima upya mawazo yake, wakawa wanawatembelea nyumbani wanawake wenye sonona. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 bado walikuwa na sonona, ilhali miongoni mwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53.

Anaweza kunywa dawa huku ananyonyesha?

Mara nyingi ndiyo. Sertralini, kwa mfano, ambayo ni dawa ya sonona, huingia kidogo sana katika maziwa. Daktari ndiye achague, na mama asiiache ghafla.

Jirani aliyejifungua juzi halali kabisa, na anasema sauti zinamwamuru kuhusu mtoto.

Hiyo si sonona ya kawaida bali ni dharura. Apelekwe hospitali leo hii, na hadi afike huko asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto.