Tatuu ya ubavuni inauma kiasi gani?

SWALI: Shikamooni. Mimi ni kijana wa miaka 22, mvuvi wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Nataka kuchora tatuu ya jina la mama yangu ubavuni. Rafiki mmoja anasema ni kama kung'atwa na siafu, mwingine anasema nusura akimbie katikati. Nani mkweli? Na je, nipake dawa ya ganzi?

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Wote wawili ni wakweli, ila huenda hawakuchorwa sehemu moja. Sindano ya tatuu huingia milimita 1 hadi 2 tu, lakini hupiga mara nyingi kila sekunde, ndiyo maana mtu huhisi kama anakwaruzwa kwa ukucha juu ya ngozi iliyobabuka. Penye nyama, kama upande wa nje wa mkono wa juu au wa paja, huvumilika. Ubavuni ni miongoni mwa sehemu ngumu kabisa: ngozi nyembamba, mfupa uko hapo hapo, na kifua hakitulii kwa sababu unapumua. Muundi, kifundo cha mguu na kwapa navyo ni vikali.

Jina la mistari mitupu huisha upesi. Kinachotesa ni kujaza kivuli, maana mashine hurudi juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Kula ushibe saa moja au mbili kabla. Wengi wanaozimia huja na njaa. Pombe iache tangu jana yake, na usimeze aspirini, kwani damu hutoka zaidi na wino haushiki vizuri. Sindano ikigusa, toa pumzi polepole, usiibane.

Ganzi ya kupaka ya lidokeini hupunguza maumivu kwa muda, kisha hurudi yote kwa mkupuo. Usiipake eneo kubwa wala kwenye ngozi iliyochanika: ikiingia kwa wingi kwenye damu inaweza kuvuruga moyo. Kwa jina fupi, hatuoni haja.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kazi yako. Tatuu mbichi ni kidonda, na maji ya ufukweni yana bakteria. (Kichocho hupenya hata ngozi nzima, kwa hiyo hicho kina tahadhari zake.) Kaa nje ya ziwa wiki mbili hadi nne. Chora mbalamwezi inapoanza, karabai zinapokosa kazi na mitumbwi inapumzika. Siku hizo peke yake hazitoshi, kwa hiyo omba zamu ya nchi kavu kwa zilizobaki. Osha mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusiagusia, paka mafuta kidogo sana, vaa shati pana. Magamba yakianza kutoka usiyabandue. Yanaondoka na wino.

Kabla ya yote, tazama kovu lako la chanjo ya kifua kikuu begani. Kama lilivimba likavuka mipaka ya kidonda chenyewe, tatuu nayo inaweza kuvimba hivyo, na tungekushauri uache. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako, glavu ziwe mpya, wino umiminwe kwenye kikombe kipya: homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita kwenye vifaa vilivyotumika. Wekundu wa siku mbili tatu ni wa kawaida. Ukizidi kutanuka baada ya hapo, ukaona usaha au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.